Kuku wametolewa kwenye keji na shida zimeanza: hesabu siku kabla ya kununua dawa

Kuku wa mayai aliyekaa kwenye keji (kizimba cha waya) miezi sita, ukimshusha sakafuni leo, kesho umepata kuku mwingine. Anatembea, anaparura, anaoga vumbi, anaruka kichanjani (kwenye fito za kulalia), anadonoa kinyesi cha mwenzake. Lakini mfuko wa chakula unaomfungulia ni ule ule wa jana, na ratiba ya dawa ni ile ile. Karibu kila banda ninaloitwa kuliangalia huku Pwani baada ya mfugaji kuachana na keji, shida imeanzia hapo.

Wafugaji wanaachana na keji kwa sababu zinazoeleweka. Hoteli kubwa za kimataifa zimeahidi kununua mayai ya kuku wasiofungwa, na wateja wa mijini nao wameanza kuuliza. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku keji tupu za kizamani, zisizo na kichanja wala kiota, tangu Januari 1, 2012. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mimi naunga mkono mabadiliko haya kwa moyo wote. Keji ina magonjwa yake: kuku hulegea miguu kwa mifupa kuisha nguvu, na wengine huanguka wakafa ghafla, ukiwapasua unakuta ini limejaa mafuta na damu imevujia tumboni. Sitamani kurudi huko. Ila banda la sakafuni lina hesabu yake, na asiyeijua hesabu hiyo atamlaumu kuku au kideri (ugonjwa wa mdondo), kisha ataishia kumimina antibiotiki kwenye maji.

Kipimo changu cha kwanza ni kalenda. Kabla hujaniambia kuku anaumwa nini, niambie ni siku ya ngapi tangu ashuke. Andika tarehe ya kuwashusha kwa chaki mlangoni mwa banda.

Kwanza ondoa dharura

Kuku wengi wakifa ndani ya siku mbili tatu, shingo zikapinda, kinyesi kikawa cha kijani, wengine wakakoroma na kuvimba uso, hiyo si habari ya chakula wala ya banda. Inaweza kuwa mdondo, ambao wengine tunauita kideri, au homa kali ya mafua ya ndege. Funga banda, usiuze kuku hata mmoja, usimchinje anayeumwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Yanayofuata hapa chini ni ya kuku wanaodhoofika polepole, wanaopunguza mayai, au wanaokufa mmoja mmoja.

Siku ya 1 hadi ya 3: wanalaliana, wanavunjika, hawanywi

Kuku aliyezoea kunywa kwenye bomba lenye chuchu, ukimpa mtungi hajui kuwa kuna maji. Siku ya kwanza chovya midomo ya kuku kadhaa katika kila chombo, wengine wataiga. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwenye joto huzidi hapo. Akikosa maji siku moja tu, mayai yatakusimulia wiki nzima.

Ukikuta asubuhi kuku watano wamekufa kwenye kona, wamebanwa kama chapati, na hawana jeraha, hao wamelaliana. Waliogopa giza au kishindo, wakarundikana. Ziba kona kwa wavu au ubao ili banda lisiwe na pembe kali, acha taa hafifu usiku wa kwanza hadi wa tatu, na zunguka mwenyewe jioni kuwatawanya.

Mbawa na kidari kilichovunjika hutokana na mifupa. Kuku wa keji hajawahi kuruka, na kalisi ya mifupa yake imekwenda kwenye maganda ya mayai. Ukimwekea kichanja kirefu kama cha kienyeji, ataanguka. Anza na kichanja cha usawa wa goti lako, fito nene kiasi cha kushikwa vizuri na vidole, na kila kuku apate sentimeta 15. Nunua matembe (majike machanga ambayo hayajaanza kutaga) waliolelewa sakafuni ukiweza. Hao wanajua kupanda tangu utotoni, na tofauti utaiona wiki ile ile ya kwanza.

Siku ya 5 hadi ya 14: kinyesi chenye damu, kuku wamejikunyata

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi zaidi. Kuku amejikunyata, manyoya yamesimama, upanga wa kichwani umepauka, kinyesi kina damu au utelezi wa rangi ya machungwa. Mfugaji anakimbilia dukani, anapewa unga wa njano wa antibiotiki. Kuku wanaendelea kufa.

Uwezekano mkubwa ni koksidiosisi, yaani kuhara damu. Kijidudu chake si bakteria, na OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya dukani) haikigusi. Kwenye keji kinyesi kilikuwa kinadondoka chini, kuku hakukutana nacho, kwa hiyo mwili wake haujajifunza kujikinga. Umemshusha, anaparua matandazo (maranda yaliyotandazwa sakafuni), anameza mayai ya kijidudu. Mayai hayo yakikaa kwenye matandazo yenye unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili tu. Kutoka kumezwa hadi kuanza kutoka tena kwenye kinyesi ni siku 4 hadi 7. Ndiyo maana nauliza tarehe: damu ikionekana siku ya pili, hawakuupata hapo, wamekuja nao. Ikionekana siku ya nane, matandazo yako ndiyo chanzo.

Fanya vitu viwili kabla ya kununua chochote. Cha kwanza, chukua ngumi ya maranda karibu na chombo cha maji, ibane, fungua kiganja. Yakitawanyika yenyewe, ni makavu. Yakishikana kisha yakapasuka ukiyagusa, yako sawa ila yaangalie. Yakibaki donge lenye alama za vidole vyako, yameloa, na hapo ndipo ugonjwa unapopikwa. Cha pili, mpasue aliyekufa asubuhi ile, ukiwa umevaa glovu. Tazama vile vitumbo viwili vilivyofunga ncha mwishoni mwa utumbo: vikiwa vimejaa damu kama soseji nyeusi, umepata jibu. Wakati mwingine, hasa kwa kuku wakubwa, vitumbo hivyo ni vizima lakini utumbo wa katikati umevimba kama puto na ukutani una vidoa vyeupe na vyekundu. Ni ugonjwa ule ule, aina nyingine.

Tiba ya kawaida ni amproliamu kwenye maji, kwa kipimo na siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1. Ukichanganya siku hizo hizo na unga wa vitamini wenye B nyingi, kama wanavyoshauri baadhi ya wauzaji ili kuku wapate nguvu, unampa kijidudu chakula ulichomnyima. Vitamini zije baada ya dozi kuisha. Dawa za salfa nazo usiwape kuku wanaotaga: zinashusha utagaji na zinabaki kwenye mayai.

Kisha toa maranda yaliyoloa, inua vyombo vya maji viwe usawa wa mgongo wa kuku, na ziba panapovuja. Bila hilo dozi utairudia mwezi ujao.

Wiki ya 3 na kuendelea: mayai yanapungua, kuku wanaonekana wazima

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Nilishusha kuku 400. Kwenye keji walikuwa wananipa trei 11 kwa siku. Wiki ya nne nikawa naokota trei 9. Hakuna aliyekufa, hakuna anayekohoa, vyombo vya chakula vinalambwa vikang'aa. Kung'aa kule nilikuona kama sifa. Kumbe ndiko kulikuwa kunanieleza ugonjwa.

Kwenye keji nilikuwa nawapa gramu 110 kila mmoja, jumla kilo 44. Sakafuni kuku anahitaji nguvu zaidi, kati ya asilimia 5 na 10, kwa sababu ya kutembea na kuruka, na akipoteza manyoya huhitaji zaidi ya hapo. Chukua asilimia 8: kutoka gramu 110 unafika karibu 119. Kwa kuku 400 hiyo ni kilo tatu na nusu kila siku, zaidi ya kilo 100 kwa mwezi. Mifuko miwili ya kilo 50 ambayo sikuwapa. Na kuku hana pa kuitoa isipokuwa mwilini mwake na kwenye mayai yako.

Mizani ndiyo inayokata shauri. Kila wiki, siku ile ile na saa ile ile kabla ya kuwalisha, pima kuku 20 wa kutoka pande zote za banda, usikamate wale wanaokuja mlangoni tu. Kuku wa kahawia wa kisasa akiwa katikati ya utagaji huwa karibu kilo 1.8 hadi 2.

Uzito ukishuka na mayai yakawa madogo, wana njaa ya nguvu au ya protini. Uzito ukibaki pale pale na idadi ya mayai ikashuka, chakula kinatosha. Tafuta kwenye mwanga, kwenye hofu, au kwenye mayai yanayofichwa na kuliwa. Mwanga wa jua kwetu ni kama saa 12 tu, na kuku anayetaga anataka karibu 16, kwa hiyo taa iwake mpaka saa 4 usiku, isiwe leo inawaka kesho inazima. Mayai yanayofichwa ni habari ya viota: kiota kimoja kwa kuku watano, chenye giza na nyasi kavu. Okota mayai ya sakafuni mara nne kwa siku mpaka wazoee.

Uzito ukishuka ilhali chakula kinabaki kwenye vyombo, pitisha mkono kwenye magole (vifuko vya chakula chini ya shingo) jioni wakiwa wamepanda kulala. Gole linatakiwa liwe limejaa, laini kama unga uliolowa. Likiwa limejaa na kuku bado anakonda, chakula ni cha kujaza tumbo. Mara nyingi ni pumba nyingi au mashudu ya alizeti yenye maganda: kuku anashiba kabla hajapata nguvu za kutosha. Kwenye keji kosa hilo lilijificha, kwa sababu kuku hakuwa na kazi. Punguza pumba, ongeza mahindi yaliyoparazwa, na mafuta ya kula kidogo, kilo moja hadi mbili kwenye kilo 100. Soya iwe imekaangwa au kuchemshwa. Soya mbichi inazuia protini kusagwa tumboni, hata uweke nyingi kiasi gani. Baadhi ya magole yakiwa matupu na mengine yamejaa, wanyonge hawafiki mezani. Kila kuku anahitaji sentimeta 10 za kingo ya chombo. Ongeza vyombo, usiongeze virutubisho.

Wanadonoana

Jeraha lilipo linakuambia mengi. Manyoya yaliyonyofolewa mgongoni na shina la mkia ni kukosa kazi, kukosa nyuzinyuzi, au chakula pungufu. Jeraha kwenye upanga na uso ni ugomvi wa nafasi, chomboni au kichanjani. Jeraha kwenye tundu la kutagia, ambalo ndilo linaloua, linaanzia kiotani: kiota kina mwanga mkali, kuku ametoka kutaga, nyama bado nyekundu iko nje, mwenzake anaona na kudonoa.

Kuhusu chakula, mambo matatu. Chumvi kwanza. Mchanganyiko unataka gramu 250 hadi 350 kwa kilo 100, pamoja na ile iliyokuja na dagaa. Siku hizi mtu anabadilisha dagaa wa chumvi akaweka soya, anasahau kurudisha chumvi, na wiki ya pili kuku wanakula manyoya. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kiganja, maana chumvi ikizidi inaua. Pili, methionini. Manyoya karibu yote ni protini, na protini hiyo inataka asidi amino zenye salfa, methionini ikiwa mojawapo. Dagaa wazuri wanazo, ila dagaa wetu wengi wameanikwa mchangani. Tia kijiko cha dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano: mchanga utaukuta chini. Mara moja nilikuta mchanga umefika robo ya kile nilichotia, na nilikuwa nimelipia kilo zote. Tatu, nyuzinyuzi. Ning'iniza mchicha, nyasi mbichi au majani ya mpapai kwenye kamba, usawa wa kichwa cha kuku. Akidonoa majani hadonoi mgongo.

Kukata midomo kuku mkubwa anayetaga usifanye. Ni kumuumiza, hawezi kula vizuri kwa siku kadhaa, na sababu ya kudonoana bado iko pale pale. Aliyejeruhiwa mtenge siku ile ile. Punguza mwanga wa jua unaoingia moja kwa moja, tundika magunia.

Wiki ya 7 au ya 8: anakula vizuri lakini ni mwepesi

Minyoo mikubwa ya duara huchukua kama wiki 5 hadi 8 tangu kuku ameze yai la mnyoo mpaka mnyoo ukomae. Kwa hiyo kuku aliyeshuka Machi ataanza kukonda Mei, wakati wewe umeshasahau kuwa alihama. Miguu inapauka, uzito unashuka, mayai yanapungua. Wengi huangalia kiini cha yai kilichopauka wakasema minyoo. Kwetu hiyo si dalili ya kutegemea, maana tunalisha mahindi meupe, na mahindi meupe hayatii kiini rangi. Mpasue mmoja uone: minyoo myeupe kama tambi, urefu wa kidole. Piperazini inaua iliyokomaa tu, wadogo waliojificha ukutani mwa utumbo wanabaki, kwa hiyo dozi moja haitoshi. Panga na afisa mifugo tarehe ya kurudia na dawa ya kubadilishana.

Asubuhi wamechoka, upanga umepauka, lakini utumbo ni safi

Kijana wa jirani alikuja kwangu mwezi uliopita.

"Shikamoo mama. Kuku wangu wamepauka, minyoo nimeshawapa, vitamini nimeshawapa."

"Marahaba mwanangu. Umewahi kuingia bandani saa 3 usiku?"

"Hapana mama. Saa 1 nakuwa nimeshafunga."

Tukaenda usiku ule na kitambaa cheupe. Nikakipitisha chini ya kichanja, pale fito inapokutana na msumari. Kilirudi na michirizi myekundu, kama mtu aliyejikata kidole. Utitiri. Mchana unalala kwenye nyufa, ndiyo maana kuku ukiwakagua saa 4 asubuhi unawakuta wasafi. Usiku unapanda kunyonya damu, na kuku aliyenyonywa usiku kucha atakula chakula cha kuunda damu badala ya mayai. Kwenye keji zake za chuma nyufa zilikuwa chache. Alipojenga vichanja vya mbao zisizorandwa aliujengea nyumba. Tulivitoa vichanja vyote, tukavimwagia maji ya moto, tukaziba nyufa, na dawa ya utitiri ikapigwa kwenye mbao na kuta. Akawawekea pia beseni la majivu makavu na mchanga wa kuogea.

Ganda laini, hasa kati ya Januari na Machi

Joto la Pwani linamfanya kuku aheme, na anapohema hewa ya ukaa inamtoka mno mpaka damu inakosa kile cha kujengea ganda. Wakati huo huo anakula kidogo. Ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalisi, na hujengwa zaidi usiku, wakati kuku hali. Unga wa chokaa aliokula asubuhi umeshapita. Saa 10 jioni wape maganda ya chaza yaliyopondwa, vipande vya ukubwa wa punje ya mtama, kwenye chombo chake peke yake. Vipande hivyo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku. Chakula kikuu kiwe alfajiri na jioni, maji yawe kivulini. Halafu inama mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku: macho yakiwasha, hewa ni chafu, na kuku anaivuta saa 24. Fungua madirisha, geuza maranda.

Ulipoacha antibiotiki za kila mwezi, wakaanza kuhara

Wanunuzi wanaotaka kuku huru wanataka pia mayai yasiyo na mabaki ya dawa, na wana haki. Umoja wa Ulaya uliacha antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 1, 2006. Lakini ukiacha ghafla, utaona makosa ya lishe ambayo dawa ilikuwa inayafunika. Kinyesi kinakuwa chepesi, chenye povu na harufu kali. Ukipasua, ukuta wa utumbo umekuwa kama taulo chafu. Bakteria wanaofanya hivyo huishi tumboni siku zote, na hupata nafasi pale koksidiosisi inapojeruhi utumbo, au dagaa wanapozidi na protini ambayo haijasagwa ikafika chini. Rudi kwenye ngumi ya maranda, kisha punguza dagaa, weka soya iliyokaangwa vizuri badala yake, na tupa mahindi yenye ukungu hata kama ni gunia zima. Daktari akisema safari hii antibiotiki ni lazima, wape kwa siku zote alizoandika. Mayai ya siku hizo, na ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, yatenge kwenye trei zenye alama nyekundu, usiuze wala usipike nyumbani, yafukie.